Viti Vyenye Idadi na Viti Visivyo na Idadi

Bweyeye iko pembezoni mwa wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, kusini mwa msitu wa Nyungwe, ng'ambo ya mpaka ni Burundi. Wakoloni wa Kibelgiji waliufanya msitu huo hifadhi mwaka 1933. Katika misitu kama huo ndimo jamii ya Watwa walimowinda na kurina asali, na hifadhi zikawatoa humo huku wengi wao wakibaki bila shamba. Mjadala wa mgao wa kikatiba, yaani nafasi ambazo katiba hutengea makundi fulani, unawahusu wao kwanza.

Rwanda ilijua mgao kwa uchungu. Wabelgiji walileta vitambulisho vya kabila miaka ya 1930. Serikali ya Juvénal Habyarimana, iliyotwaa madaraka mwaka 1973, ikaleta iringaniza: nafasi za sekondari na za kazi serikalini ziligawanywa kwa kabila na mkoa. Ilitangazwa kuwa sera ya usawa, ilhali mtoto wa Mtutsi alifungiwa mlango.

Katiba ya Juni 4, 2003 iliutumia mgao kufungua milango. Wanawake waliahidiwa angalau asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi, na viti 24 kati ya 80 vya Baraza la Wawakilishi vikawa vyao. Mwaka 2008 wakavuka nusu ya wabunge. Watwa hawakutajwa. Rais, anapoteua maseneta wanane kati ya 26, anatakiwa kuzingatia makundi yaliyoachwa nyuma kihistoria. Hakuna idadi. Jaji atapima nini hapo?

Kenya inaonyesha kwamba hata idadi peke yake haitoshi. Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa vyombo vinavyochaguliwa, bila kueleza viti vya Bunge vitajazwaje. Desemba 11, 2012 Mahakama ya Juu iliamua sharti hilo litimizwe hatua kwa hatua, sheria yake ipatikane kabla ya Agosti 27, 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga alipinga: alitaka litimizwe katika uchaguzi wa Machi 2013. Naamini alikuwa sahihi. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo, na Bunge likabaki.

Kipimo kizuri zaidi nakiona Afrika Kusini, kesi ya Van Heerden ya 2004. Mahakama ya Katiba haikuona hatua za kupendelea makundi fulani kuwa doa katika usawa. Iliuliza kama zinawalenga walioonewa, zimebuniwa kuwainua, na zinajenga usawa. Iringaniza ingeanguka kwenye swali la kwanza.

Watwa wangevuka swali hilo, lakini Rwanda haihesabu tena watu kwa kabila, na baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 sababu inaeleweka. Basi ipimwe hali yenyewe: nani hana ardhi, nani alitolewa msituni, mtoto wa nani hajamaliza shule ya msingi. Kwa vipimo hivyo sheria inaweza kuweka idadi bila kumuuliza mtu kabila lake.