Maumivu ya mgongo kwa vijana: Mkoba wa shule si chanzo pekee

MAUMIVU ya mgongo yamezoeleka kuhesabiwa kuwa maradhi ya watu wazima. Hata hivyo, tatizo hilo huweza kuanza katika umri wa balehe, na mazoea ya kila siku ya kijana huchangia.

Wazazi wengi huutupia lawama mkoba wa shule. Lakini uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumuisha tafiti 69 na watoto zaidi ya 72,000, haukupata ushahidi wa kuridhisha kwamba mkoba husababisha maumivu hayo.

Nchini Finland, watafiti waliwafuatilia vijana waliozaliwa kaskazini mwa nchi hiyo kati ya mwaka 1985 na 1986. Walibaini kuwa wasichana waliovuta sigara mara kwa mara wakiwa na umri wa miaka 16, na wale waliokosa usingizi wa kutosha, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuumwa kiuno walipofikisha miaka 18.

Nako Denmark, utafiti uliowafuatilia mapacha wapatao 9,600 kwa miaka minane ulionyesha kuwa waliosumbuliwa na mgongo ujanani walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusumbuliwa nao ukubwani. Kwa hiyo, malalamiko ya kijana hayafai kupuuzwa kwa kudhaniwa kuwa ni uvivu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na kupunguza muda wa kukaa mbele ya televisheni, kompyuta na simu. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa nane hadi 10 kwa usiku mmoja. Kijana anayeumwa kiuno kwa kawaida hahitaji kulala kitandani siku nzima. Kutembea na kuendelea na shughuli nyepesi humsaidia zaidi.

Pamoja na hayo, zipo dalili zinazomtaka mgonjwa afikishwe hospitali bila kuchelewa: homa, kupungua uzito, maumivu yanayomwamsha usiku, miguu kufa ganzi au kuishiwa nguvu, na kushindwa kuzuia haja. Katika nchi za Afrika Mashariki, ambako kifua kikuu bado kipo, dalili kama hizo huweza kuashiria kuwa ugonjwa huo umeshambulia uti wa mgongo. Ukigunduliwa mapema, hutibika kwa dawa; ukicheleweshwa, huweza kumwacha kijana na kibiongo au kumpoozesha.