Kufanya Upya, Mvita

Ukitoka Bondeni ukapita Makadara na kuteremka hadi Ngome ya Yesu ya Mombasa, juu ya lango kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno. Wageni wengi hulipita, wana haraka ya kuiona mizinga. Hasara ni yao. Humo Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeshika ukapiteni mwaka 1635, anajitangaza: ana umri wa miaka 27, ameijenga upya ngome, ameongeza chumba cha walinzi. Kisha, bila hata kupumua, anawataja aliowatia adabu. Pate na Siyu zimebomolewa kuta, wakuu wa Pemba wameuawa, wafalme wa pwani wametozwa kodi. Kwake yeye kujenga na kutiisha ni kazi moja.

Ukali huo ulikuwa na asili. Ngome ilianza kujengwa 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu Mtaliano, na wenyeji hawakuulizwa. Agosti 1631 Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa Jerónimo, aliingia ngomeni, akamuua kapiteni na kuuteka mji. Mwaka uliofuata aliiacha baada ya kuiharibu, na Wareno wakairudia. Ukarabati wa Cabreira ulikuwa jibu la aibu hiyo.

Tangu hapo kila aliyeishika ngome aliifanya upya kwa shabaha yake. Waomani waliitwaa Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa miezi 33. Ukoo wa Mazrui, uliotawala hadi 1837, ulijenga baraza lake ndani ya ngome na kuchonga maandishi ya Kiarabu kwenye boriti. Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895.

Gereza lilipofungwa 1958, fedha za kuirudishia ngome hadhi yake zilitoka kwa wakfu wa Calouste Gulbenkian, wenye makao Lisbon. Mtu akitaka kucheka na acheke: mji mkuu wa nchi ya Cabreira! Kazi ilisimamiwa na mwanaakiolojia James Kirkman, na makumbusho yakafunguliwa 1960. Fundi hawezi kurudisha kila zama. Lazima achague, na chini ya Kirkman zama za Wareno na za Waarabu zilibaki mbele, majengo ya gereza yakaondolewa. Waliofungwa humo katika miaka 63 ya gereza hawakupewa nafasi hiyo ya mbele.

Mji wa Kale, ulio kando ya ngome, una desturi nyingine kabisa. Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa yapata 1570, ni mkongwe kuliko ngome na bado unasaliwa. Umedumu kwa sababu watu wake hupiga chokaa kila inapochakaa, kazi ndogo isiyoandikwa popote. Nyumba za jirani zilijengwa vivyo hivyo: kuta za mawe ya matumbawe zilizoshikwa na chokaa iliyochomwa tanuuni, dari za boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Haivuki mbali, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba.

Ukuta wa matumbawe huvuta unyevu kutoka ardhini pamoja na chumvi. Chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji huuziba, nao ukikosa njia huanza kula ukuta kwa ndani, na baada ya misimu kadhaa ya mvua lipu huanguka vipande vipande. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyetumia saruji kwa nia njema ndiye aliyeidhuru nyumba yake. Lakini saruji inauzwa duka lolote, ilhali chokaa nzuri hutaka fundi aliyeijua tangu utotoni, na mafundi hao wanapungua.

Mwaka 1990 ulitolewa mpango wa kuuhifadhi Mji wa Kale, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana ofisi ya kuusimamia. UNESCO ilipoitia ngome katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, eneo lililoorodheshwa lilikuwa hekta 2.36: ngome yenyewe, handaki lake na viunga vyake vya karibu. Mji wa Kale, wenye watu wanaolala, kupika na kurithishana humo, uliwekwa kuwa ukanda wa kuilinda ngome. Sioni kwa nini isiwe kinyume chake.