Ramli ya Dune: Historia ya Nguvu ya Kuona ya Mbele katika Riwaya za Frank Herbert

Mpiga ramli hutandaza mchanga, akachora mistari, akahesabu nukta, kisha akasema yatakayokuwa. Neno lenyewe latoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mchanga. Elimu hiyo ilisafiri na misafara ya jangwani na majahazi ya pwani, ikapita nchi nyingi na lugha nyingi, na kila ilikotua ilifuatwa na swali moja: mtu akiisha kuambiwa la kesho, je, angali huru kutenda la leo? Wanavyuoni wa dini walilijadili swali hili karne nyingi, na wanafalsafa hawakulimaliza. Katika karne ya 20 liliulizwa tena, kwa urefu na ukali usio wa kawaida, mahali ambapo wasomi wengi hawakutazamia kulikuta: katika hadithi za safari za nyota. Aliyeliuliza ni Frank Herbert wa Marekani, na yeye pia alianzia kwenye mchanga.

Herbert alizaliwa Tacoma, katika jimbo la Washington, mwaka 1920, akafanya kazi ya uandishi wa magazeti kwa miaka mingi. Mwaka 1957 alikwenda karibu na mji wa Florence, pwani ya Oregon, kutazama vilima vya mchanga vilivyokuwa vikihama kwa nguvu ya upepo na kutishia barabara na majumba. Wataalamu wa serikali walikuwa wakivizuia kwa kupanda nyasi. Makala aliyokusudia kuandika juu ya kazi hiyo haikupigwa chapa. Lakini habari za mchanga zilimpeleka kwenye habari za majangwa, na majangwa yakampeleka kwa wakazi wake, kwa dini zao, na kwa viongozi waliozuka miongoni mwao wakidai kutumwa. Matunda ya masomo hayo yalianza kutolewa kwa sehemu katika gazeti la Analog mwezi wa Desemba 1963, na mwaka 1965 yakatoka kuwa kitabu kimoja kiitwacho Dune. Vikafuata vitabu vingine vitano, cha mwisho mwaka 1985. Mtunzi akafariki mwaka 1986. Mfululizo huu una vita, hila za wafalme na minyoo mikubwa kama milima. Lakini uti wa mgongo wake ni nguvu ya kuona ya mbele, na historia ya nguvu hiyo ndiyo historia ya mfululizo mzima.

Nguvu yenyewe haishuki bure kutoka mbinguni. Katika sayari kame ya Arrakis hupatikana kiungo kiitwacho melange, ambacho hakipatikani pengine po pote. Kiungo hiki hurefusha maisha, na kwa baadhi ya watu hufungua macho ya ndani. Manahodha wa merikebu za nyota hukitumia ili waone njia ya salama kabla ya kung'oa nanga; wakikikosa, biashara yote ya ulimwengu husimama. Basi tangu mwanzo kuona ya mbele ni mali, kuna bei, na mwenye kushika mlango wa mali hiyo hushika shingo za watu. Tena manahodha hao wanatoa funzo la kwanza la mtunzi. Kwa kuwa waliona hatari kabla haijafika, walichagua siku zote njia isiyo na hatari. Na kwa kuchagua hivyo vizazi kwa vizazi walidhoofika, wakawa si watawala wala watumwa, bali vimelea wa utawala wa wengine.

Kuna na aina ya pili ya utabiri, nayo ni ya kubuni. Udugu wa wanawake uitwao Bene Gesserit ulikuwa ukituma wajumbe katika sayari za mbali kupanda hadithi za mkombozi ajaye, ili siku moja dada ye yote atakayekwama huko akute imani iliyo tayari kumhifadhi. Jessica na mwanawe Paul, kijana wa miaka 15, walipokimbilia jangwani baada ya ukoo wao wa Atreides kupinduliwa, waliokolewa na hadithi hizo. Wenyeji, Fremen, waliona katika mama na mtoto yale waliyofundishwa kuyangoja. Hapa ndipo Herbert alipofunga fundo lisilofunguka kwa wepesi: Paul alikuwa na uwezo wa kweli wa kuona ya mbele, lakini aliupokelea mahali palipoandaliwa kwa uongo. Kweli na hila zilikutana katika mtu mmoja, na hata yeye hakuweza kuzitenga.

Msomaji wa Kiswahili ana njia yake ya kuliona fundo hilo, kwa sababu majina aliyopewa Paul ni jamaa ya maneno anayoyajua. Fremen humwita Lisan al-Gaib, yaani ulimi wa ghaibu, humwita Mahdi, na jina lake la vita, Muad'Dib, ambalo katika hadithi ni jina la panya wa jangwani, lina sauti ya neno la Kiarabu la mwenye kufunza adabu. Vita vyake huitwa jihad. Majina haya yana historia nje ya riwaya. Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi katika Sudan. Wafuasi wake waliuteka mji wa Khartoum mwezi wa Januari 1885, na yeye akafa katika mwezi wa Juni mwaka huo huo. Dola aliyoianzisha iliishi miaka 13 baada yake, ikavunjwa na majeshi ya Uingereza na Misri mwaka 1898. Kiongozi hufa, na neno lake huendelea kuamuru watu. Jambo hilo Herbert hakulibuni.

Ama namna Paul aonavyo, mtunzi aliipanga kwa uangalifu. Paul hasomi kitabu kilichokwisha andikwa. Yeye ni kama baharia katika bahari yenye mawimbi: chombo kikipanda juu ya wimbi huona mbali, kikishuka bondeni haoni ila maji yaliyomzunguka. Huona njia nyingi, si moja. Na kule kutazama kwenyewe huzigeuza zile njia. Tena yako mambo asiyoweza kuyaona kabisa. Katika pambano la mwisho na Feyd-Rautha hakujua nani angeanguka. Na katika ukumbi huo huo alimkuta Fenring, mtu ambaye hakumwona hata mara moja katika maono yake yote, kwa kuwa Fenring naye alikaribia kuzaliwa na uwezo kama wake. Mwenye kuona hufichwa na mwenye kuona.

Lakini jambo moja Paul aliliona tangu usiku wa kwanza ndani ya hema jangwani: majeshi yakipita katika nyota chini ya bendera ya ukoo wake, yakiua kwa jina lake. Aliliogopa, akakusudia kulizuia. Kila hatua aliyoichukua ili aishi, ili amlinde mama yake, ili alipe kisasi cha baba yake, ilimkaribisha kwenye lile aliloliogopa. Kitabu kinapokwisha ameshinda maadui wote, na ushindi wenyewe ndio mlango wa vita vile. Hata kama angekufa pale ukumbini, vita visingezuilika tena, maana neno lilikuwa limekwisha toka mikononi mwake.

Wasomaji wa mwaka 1965 wengi hawakuliona hilo. Waliona kijana aliyedhulumiwa akarudisha haki yake, wakafurahi. Mhariri wa Analog, John W. Campbell, alikuwa amemwandikia Herbert mwaka 1963 kumtahadharisha kwamba shujaa mwenye kuona yajayo ni mzigo mzito kwa mtunzi. Hata hivyo aliipokea hadithi. Walakini kitabu cha pili, Dune Messiah, alikikataa, kwa kuwa hakupenda kumwona shujaa akivunjika. Kikatolewa kwa sehemu katika gazeti jingine, Galaxy, mwaka 1969. Basi lililotokea ndani ya hadithi lilitokea na nje yake: watu walimtaka mkombozi, wakamkasirikia aliyewaambia gharama yake. Herbert mwenyewe, katika makala ya mwaka 1980, alieleza kwamba shabaha yake tangu mwanzo ilikuwa kuonyesha hatari ya mashujaa wakubwa kwa watu wanaowafuata.

Na gharama aliitaja kwa hesabu. Katika Dune Messiah miaka 12 imepita, na vita vimeua watu bilioni 61. Paul ni mfalme, anaabudiwa, wala hawezi kuvikomesha. Silaha ya moto yampofusha macho. Lakini kwa kuwa ameyafuata maono yake bila kupotoka hata kidogo, anaendelea kutembea na kuzungumza kama mwenye macho, akiona kila kitu kwa kumbukumbu ya yale aliyokwisha yaona mbele. Watu wanastaajabu na kuona muujiza. Kwa kweli ni kifungo: mtu asiyeweza kuinua mkono ila kama ulivyoinuliwa katika ndoto. Mkewe Chani afa katika kuzaa, kama alivyojua. Lakini watoto wanaozaliwa ni wawili, na yeye alikuwa amemwona mmoja tu. Kwa mtoto huyo mmoja asiyetabiriwa maono yakatika, na Paul akawa kipofu kama vipofu wengine. Akashika njia ya jangwani peke yake, kama sheria ya Fremen inavyowataka vipofu wafanye.

Mwaka ule ule wa 1969, mbali na magazeti ya Marekani, ilitoka tamthilia ya Ebrahim Hussein iitwayo Kinjeketile, inayotokana na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani. Kazi hizi mbili hazikutoka katika chemchemi moja. Lakini zimefika kisima kimoja. Kinjeketile wa Hussein naye hupokea neno kutoka ghaibu, akawaunganisha watu kwa maji. Halafu shaka inamwingia, na watu hawataki tena kungoja. Vita vinatangulia, mwenye neno anabaki nyuma. Tofauti ni mahali mzigo ulipowekwa. Paul anatenda kosa la kutawala kwa maono yake. Kinjeketile, akiwa mikononi mwa adui, anakataa kuyakana maji, kwa kuhofia kwamba watoto wa baadaye wataambiwa baba zao walipigania uongo. Kwa Herbert unabii huwanyima watu uhuru. Kwa Hussein watu wanyonge huokota katika unabii ule umoja wasioupata pengine. Kuzisoma pamoja kazi hizi ni kujua kwamba swali halina jibu moja kwa mwenye dola na kwa mwenye kunyang'anywa.

Herbert hakuishia kwa Paul. Katika Children of Dune, mwaka 1976, mwana asiyetabiriwa, Leto, anaikubali njia ambayo baba yake aliikimbia. Na katika God Emperor of Dune, mwaka 1981, ametawala miaka 3,500, nusu mtu na nusu mnyoo wa jangwani. Ameona kwamba binadamu watatoweka wasipobadilishwa. Kwa hiyo awabana, awanyima safari, awachosha kwa amani ya gereza, ili siku atakapokufa watawanyike mbali kiasi cha kutoweza kukusanywa tena na mfalme ye yote. Juu ya hayo azalisha kizazi baada ya kizazi mpaka azaliwe Siona, mwanamke ambaye macho ya ghaibu hayamwoni. Siona ndiye anayempindua. Hivyo nguvu ya kuona ya mbele inafanya kazi yake ya mwisho kwa kujifisha yenyewe.

Hapo msomaji mwangalifu husimama. Nani ashuhudia kwamba hatari aliyoiona Leto ilikuwa ya kweli? Hakuna ila Leto. Mamilioni waliozaliwa na kufa chini yake hawakupewa nafasi ya kuipima hoja iliyowafunga. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alizipima habari za watabiri na za wenye kudai kuwa Mahdi kwa mizani ya mambo yaliyokwisha tokea, akaangalia nani alikuwa nyuma yao na kwa nguvu gani walisimama. Jina la historia yake kubwa, Kitab al-Ibar, Herbert alilichukua akawapa Fremen kuwa jina la kitabu chao cha dini na maisha ya jangwani. Pengine hakuna ishara bora kuliko hiyo: jina la kitabu cha mazingatio limo mikononi mwa watu, nao wanatazama juu kumngoja mwenye ulimi wa ghaibu.

Filamu ya mwaka 1984 ilimaliza kwa mvua kunyesha Arrakis kwa amri ya Paul, ikamfanya kuwa mkombozi wa hakika. Filamu ya mwaka 2024 ilimaliza kwa Chani akiondoka peke yake kwa hasira wakati wengine wakipanda vyombo kwenda vitani. Kati ya mvua ile na hasira hii ipo miaka 40, na ndani yake hadithi ya Herbert imeanza kusomwa kama alivyoiandika. Upepo hufuta mistari ya ramli kila jioni, na mchanga ukarudi kuwa mchanga. Mistari iliyochorwa katika mioyo ya watu haifutwi hivyo, na aliyeichora ndiye wa kwanza kufungwa nayo.