Sonona: Jina la Daktari na Jina la Mgonjwa

Kuna ugonjwa unaomkaa mtu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku: huzuni haimtoki, hamu ya mambo aliyoyapenda inakwisha, usingizi unavurugika, mwili unachoka bila kazi. Kiswahili sanifu kinauita sonona.

Neno hili si geni. Sonona ni kitenzi cha siku nyingi chenye maana ya kuuma mfululizo, uwe mwili au moyo, na ndugu zake tunawatumia bado: sononeka, sononesha, masononeko. Kukifanya kitenzi hicho kuwa jina la ugonjwa ulikuwa uamuzi mzuri. Huzuni humpata kila mtu. Mfiwa ana huzuni, wala si lazima awe mgonjwa. Unyogovu, unaoonekana katika baadhi ya tafsiri, unasikika kama ulegevu, na mgonjwa huyu tayari ameitwa mvivu vya kutosha. Sonona inataja maumivu yasiyokoma, na hiyo ndiyo sura yenyewe ya ugonjwa.

Shida iko zahanati. Ni nadra mtu kufika dirishani akasema, "Nina sonona." Mama wa Temeke au wa Likoni atasema: "Daktari, nina mawazo. Kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, usiku silali." Mhudumu mwenye foleni ndefu mlangoni anashika lile la kichwa. Anaagiza kipimo cha malaria, anaandika dawa ya maumivu, anamwita anayefuata. Mama anarudi nyumbani na vidonge vya kichwa na mawazo yake yote. Aliyesoma, anayeujua ugonjwa kwa jina la vitabuni na ana fedha za daktari binafsi, anafika kwa mtaalamu.

Mtafiti wa Uingereza, Margaret Whitehead, alieleza mwaka 1990 kwamba si kila tofauti ya afya ni dhuluma; dhuluma ni ile isiyo ya lazima, inayoweza kuepukwa. Hii ya dirishani inaepukika. Haihitaji mashine wala jengo jipya. Inahitaji mhudumu aliyefundishwa kwamba "nina mawazo" ni dalili ya kufuatiliwa.

Zimbabwe wamelithibitisha hilo. Washona wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na kwa mgonjwa wao linafanya kazi ileile ya mawazo kwetu. Watafiti hawakulidharau. Lilitiwa ndani ya dodoso la Kishona la maswali 14, na baadaye daktari wa akili Dixon Chibanda akawafundisha wanawake wa makamo wa Harare, wengi wao bibi za watu, kutumia dodoso hilo na kuzungumza na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata watu 573 katika kliniki 24. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona walikuwa karibu 14 kwa kila 100 kati ya waliokaa benchini, na karibu 50 kwa kila 100 kati ya waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Bibi hao hawakuanza kwa kumfundisha mgonjwa istilahi. Walianza na neno alilokuja nalo.

Kwa hiyo sonona ibaki: kwenye mitaala, kwenye sera, kwenye cheti cha daktari. Ila kila mwongozo wa mafunzo unaoitaja uandike kando yake maneno ya wagonjwa: mawazo, kusononeka, moyo kuuma, mwili kukosa nguvu. Wanaotunga kamusi za tiba nao wayaingize, yakielekeza msomaji kwenye sonona.

Nawe msomaji, ukienda kituo cha afya kwa sababu ya mawazo, taja muda. Sema yamekukaa wiki ngapi, kazi gani zimekushinda, na kama umewahi kuwaza kujidhuru. Hilo la mwisho usilifiche, na usisubiri wiki 2 kulisema.