Magari ya Mbio na Ufundi wa Kuyatunza Kandoni mwa Ziwa Victoria

Historia ya magari ya mbio katika Afrika Mashariki huandikwa zaidi kwa majina ya madereva, ilhali kwa mtu anayemiliki gari la aina hiyo likiwa limezeeka, upande wenye uzito ni ule wa mafundi waliojifunza kulitunza katika nchi ya vumbi, matope na spea adimu. Kwa mji wa Musoma, ulio kandoni mwa Ziwa Victoria, historia hiyo inaanza na safari isiyofanyika: inasimuliwa kwamba waliobuni mashindano ya Coronation Safari ya 1953, yaliyoandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, waliwaza kwanza kulizunguka ziwa hilo, wakaliacha wazo lenyewe kwa sababu barabara zisingepitika wakati wa mvua.

Mvua yenyewe, hata hivyo, haikukwepeka, kwani baadaye mashindano yalihamishiwa Pasaka, katikati ya masika. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, na mshindi alikuwa Peugeot 404, gari la familia ambalo Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda nalo 1966 na 1967. Gari la mbio kwa maana kamili lilitamba mwaka 1971 na 1973, pale Datsun 240Z, lenye milango miwili na injini ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, liliposhinda chini ya Edgar Herrmann na kisha Shekhar Mehta. Injini hiyo ililishwa na kabureta mbili, yaani vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, na kabureta hizo zisiporekebishwa zivute kwa usawa, baadhi ya silinda hupata petroli nyingi kuliko nyingine na injini hutetemeka. Adui mkubwa zaidi alikuwa vumbi, ambalo likipenya chujio la hewa husaga ringi za pistoni hadi injini ianze kula oili; ndiyo maana mwenye gari la namna hii akiona moshi wa bluu hana sababu ya kulaumu umri peke yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Tanzania ikiwa na uhaba wa fedha za kigeni uliozidishwa na vita ya Kagera ya 1978 na 1979, kuagiza spea kulikuwa kugumu, na kilichoharibika kilichongwa au kuazimwa kutoka gari lililokufa. Ustadi huo ndio uliorithiwa na gereji bubu, yaani gereji zisizosajiliwa ambazo mara nyingi hufanya kazi chini ya mti, na ni haki kusema kwamba ulizaa pia mazoea mabaya, hasa lile la kuondoa kidhibiti joto cha injini ili gari lisichemshe, badala ya kuzibua rejeta.

Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, na mitumba ya Japani ikafurika katika miaka iliyofuata, Subaru Impreza, lililoshinda mashindano hayo ya Safari mwaka 1997 na 2000, liliingia mikononi mwa watu wa kawaida. Kenya ilizuia kuingizwa kwa magari yenye umri unaozidi miaka 8, ilhali Tanzania ilichagua kuyatoza ushuru wa ziada, na kwa hiyo gari kongwe lenye nguvu bado linaweza kununuliwa kihalali upande huu wa mpaka wa Sirari, ingawa ushuru huo unapaswa kuhesabiwa kabla ya bei.

Impreza lenye turbo, feni inayosukumwa na moshi wa injini ili kuongeza hewa ndani ya silinda, linadai nidhamu ambayo Datsun halikuidai: oili ibadilishwe mapema, kwa kuwa ndiyo inayolainisha na kupoza turbo, na baada ya mwendo mkali injini iachwe ingurume kidogo kabla ya kuzimwa, la sivyo oili iliyobaki huungua ndani yake. Linalosahaulika zaidi na wanunuzi ni mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa vali na pistoni. Ukikatika, vali hugongwa na pistoni na kupinda, na kwa gari lisilo na kumbukumbu za matengenezo mkanda huo, pamoja na roli zake na pampu ya maji, hubadilishwa kabla ya safari ndefu ya kwanza.