Baraza la watu tisa: Wabaha'i wanavyochagua viongozi bila wagombea wala kampeni

Kila mwaka mwezi wa Aprili, wakati masika yanaendelea katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, Wabaha'i wa vijijini na mijini hukusanyika kuchagua baraza lao. Mabango hayabandikwi, fulana na khanga hazigawiwi, na hakuna mtu aliyechukua fomu ya kugombea. Kila mpiga kura anaandika majina tisa kwenye karatasi, anaikunja na kuitumbukiza sandukuni. Kura zinahesabiwa, na waliopata nyingi zaidi ndio baraza la mwaka huo.

Huenda msikilizaji una jirani Mbaha'i na umewahi kujiuliza ni nani anayewaongoza, maana hujawahi kumwona padri wao, mchungaji wao wala sheikh wao. Jibu ni hilo baraza. Makala hii inaeleza linavyochaguliwa, linavyofanya kazi, na ugumu uliomo.

Kwa nini baraza na si kiongozi mmoja?

Dini ya Kibaha'i ilianzia Uajemi, nchi ambayo leo inaitwa Iran. Mwanzilishi wake, Baha'u'llah, alizaliwa Tehran mwaka 1817. Aliishi miaka mingi gerezani na uhamishoni, akafariki mwaka 1892 karibu na mji wa Akka, uliopo Israel ya leo.

Baha'u'llah hakuweka tabaka la viongozi wa dini. Katika Kitab-i-Aqdas, kitabu chake cha sheria cha mwaka 1873 hivi, aliagiza kila mji uwe na Nyumba ya Haki yenye watu wasiopungua tisa. Kwa sasa vyombo hivyo vinaitwa Mabaraza ya Kiroho ya Mahali, na kila moja lina wajumbe tisa. Taratibu zake zilifafanuliwa na mwanawe, Abdu'l-Baha (1844–1921), kisha na Shoghi Effendi (1897–1957), ambaye alikuwa mjukuu wa Abdu'l-Baha.

Jambo la msingi la kulishika ni hili: madaraka ni ya kikao, si ya mtu. Watu tisa wakiwa wameketi pamoja wanaweza kuamua. Kikao kikiisha, kila mmoja wao anarudi kuwa muumini kama wengine, hana cheo cha kuitwa wala amri ya kutoa.

Uchaguzi unafanyika lini, na nani anashiriki?

Uchaguzi hufanyika siku ya kwanza ya sikukuu ya Ridvan, ambayo huangukia tarehe 20 au 21 Aprili. Sikukuu hiyo ya siku 12 inakumbuka siku ambazo Baha'u'llah alikaa katika bustani moja mjini Baghdad mwaka 1863 na kutangaza utume wake. Siku ya Kibaha'i huanza jua linapozama, kwa hiyo jamii nyingine hupiga kura jioni ya mkesha na nyingine mchana unaofuata.

Ili baraza liundwe, lazima eneo liwe na Wabaha'i watu wazima wasiopungua tisa. Wakiwa tisa kamili hawapigi kura, bali wote wanatamka kwamba wanaunda baraza. Wakizidi tisa, wanachagua. Wakiwa wanane, hakuna baraza mwaka huo.

Anayechaguliwa awe na umri wa miaka 21 au zaidi, mwanamume au mwanamke. Umri wa kupiga kura nao ulikuwa 21 kwa muda mrefu, lakini baadaye ulishushwa hadi 18. Ambaye hawezi kufika anaweza kutuma kura yake ikiwa ndani ya bahasha.

Mtu anachaguliwaje bila kugombea?

Hapa ndipo utaratibu huu unapotofautiana sana na chaguzi tulizozizoea. Hakuna anayependekezwa na hakuna anayejinadi. Ni marufuku kupigiana kampeni, hata ya chini kwa chini. Watu wanaweza kuzungumzia sifa za mjumbe mzuri, lakini hawapaswi kutaja majina. Hata mume na mke nyumbani hawatarajiwi kupangana nani wa kumwandika.

Shoghi Effendi alitaja sifa za kuangalia: uaminifu usio na shaka, moyo wa kujitolea, akili iliyofunzwa, uwezo unaojulikana na uzoefu wa mtu mzima. Utajiri na ukoo havimo. Mpiga kura anatakiwa kusali, kisha kuwaandika wale ambao dhamiri yake inamwonyesha. Anaruhusiwa hata kujiandika mwenyewe kama anaona kwa haki kwamba anafaa.

Majina lazima yawe tisa, yasizidi wala yasipungue. Wahesabu kura huzihesabu, na tisa wenye kura nyingi zaidi ndio wajumbe. Wawili wakifungana katika nafasi ya tisa, kura hurudiwa kati yao tu. Lakini kama mmoja wao anatoka katika kundi dogo la jamii hiyo, kwa mfano kabila lenye watu wachache mahali hapo, yeye ndiye anayepewa nafasi bila kurudia kura.

Aliyechaguliwa anatarajiwa kukubali. Kuchoka au kutopenda wenzake si sababu ya kujiuzulu. Lakini nafasi ikibaki wazi kwa kifo, kuhama au sababu nyingine nzito, hufanyika uchaguzi mdogo wa kuijaza.

Mwenyekiti ana nguvu gani?

Wajumbe tisa huchagua wenyewe kwa kura ya siri mwenyekiti, makamu wake, katibu na mweka hazina. Kila mmoja lazima apate kura zisizopungua tano, yaani zaidi ya nusu ya baraza zima.

Mwenyekiti anaongoza mazungumzo, lakini kura yake ni moja kama ya mwenzake. Hawezi kuamua peke yake halafu akalitaarifu baraza. Katibu anaandika kumbukumbu na barua, lakini anaandika kilichoamuliwa. Mweka hazina anatunza fedha, lakini matumizi yanapitishwa na baraza. Akidi ni watu watano, na wakiwa pungufu ya hapo hawawezi kufanya uamuzi.

Wanaamuaje?

Njia yao inaitwa mashauriano. Kikao huanza kwa sala. Kisha ukweli wa jambo unatafutwa kwanza, halafu kila mmoja anatoa maoni kwa uwazi na kwa heshima. Maoni yakishatolewa, aliyeyatoa haruhusiwi kuyang'ang'ania kama mali yake. Yanakuwa ya kikao, na yeyote anaweza kuyaboresha au kuyakataa bila mwenyewe kuona amedharauliwa.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Baraza la kijiji linataka darasa la watoto. Mjumbe mmoja anataka kujenga chumba, na mwingine anasema watoto wakutane chini ya mwembe nyumbani kwa mama fulani. Mweka hazina anasoma kilichopo kwenye mfuko, na fedha haifiki hata bei ya mabati. Mjumbe wa nne anauliza mvua zinaisha lini. Baada ya saa moja wanakubaliana darasa lianze kwenye baraza la nyumba ya yule mama, na suala la chumba lirudi mezani baada ya mavuno. Wazo lililopita si la yeyote kati yao kama alivyokuja nalo.

Wakishindwa kukubaliana wote, wengi wanashinda. Kuanzia hapo wote wanatakiwa kuutekeleza uamuzi, hata waliokuwa wanaupinga. Abdu'l-Baha alifundisha kwamba uamuzi mbaya ukitekelezwa kwa umoja, ubaya wake utaonekana na kurekebishwa. Ukivutwa huku na huku, hakuna atakayejua kama kosa lilikuwa la uamuzi au la wale waliouhujumu.

Kazi za baraza ni zipi?

Baraza husimamia sala za pamoja, sikukuu, mafunzo ya watoto na vijana, na maziko. Husimamia pia ndoa. Katika ndoa ya Kibaha'i wachumba huridhiana kwanza, kisha wazazi wote walio hai wa pande zote mbili hutoa idhini, na baraza huhakikisha hayo yamefanyika. Ndoa ikiyumba, wanandoa hupewa mwaka mmoja wa subira kabla ya talaka, na baraza hujaribu kuwapatanisha. Waumini wakigombana, wanaweza kupeleka shauri lao kwa baraza.

Fedha hutoka kwa Wabaha'i peke yao. Baraza halipokei michango ya wasio waumini kwa kazi za dini. Kila mtu hutoa kwa hiari na kwa siri, na majina na viwango havitangazwi mbele ya watu.

Je, muumini wa kawaida ana sauti?

Kila mwezi wa Kibaha'i una siku 19, na mwaka una miezi 19, pamoja na siku chache za nyongeza. Mwanzoni mwa kila mwezi jamii hukutana katika Karamu ya Siku Kumi na Tisa. Ina sehemu tatu: sala, mashauriano na kula pamoja. Katika mashauriano baraza hutoa taarifa, ikiwemo ya fedha, na yeyote anaweza kuuliza, kukosoa au kupendekeza. Baraza linalazimika kuyafikiria mapendekezo hayo.

Asiyeridhika na uamuzi anaweza kuliomba baraza lenyewe liutazame upya. Akiwa bado hajaridhika, anakata rufaa kwa Baraza la Kiroho la Taifa. Hilo nalo lina watu tisa, waliochaguliwa na wajumbe wa mkutano mkuu wa nchi. Juu kabisa ipo Nyumba ya Haki ya Ulimwengu, yenye makao yake Haifa nchini Israel. Ilichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1963 na huchaguliwa kila baada ya miaka mitano.

Mabaraza haya Afrika Mashariki

Baraza la kwanza la Kampala lilichaguliwa Aprili 1952, chini ya mwaka mmoja tangu kundi dogo la Wabaha'i kutoka nje lilipofika Uganda mwaka 1951. Mwaka 1956 liliundwa baraza moja la kanda ya Afrika ya Kati na Mashariki. Mwaka 1964 Kenya ikapata Baraza lake la Taifa, na vilevile Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja, na Uganda pamoja na nchi jirani za Afrika ya Kati. Nyumba ya Ibada ya Kampala, juu ya kilima cha Kikaya, ilifunguliwa mwaka 1961. Ya Matunda Soy, magharibi mwa Kenya, ilifunguliwa mwaka 2021.

Wabaha'i hawajiungi na vyama vya siasa, na wanafundishwa kutii serikali ya nchi. Utii huo umewahi kupimwa. Mwaka 1977 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku dini hiyo pamoja na madhehebu mengine mengi. Wabaha'i wa Uganda wakavunja mabaraza yao, na wakayachagua tena baada ya Amin kuondolewa mwaka 1979.

Iran hali ilikuwa nzito zaidi. Agosti 1980 wajumbe wote tisa wa Baraza la Taifa walikamatwa na hawakuonekana tena. Desemba 1981 wanane kati ya waliochaguliwa kuchukua nafasi zao waliuawa. Mwaka 1983 serikali ilipopiga marufuku mabaraza, Wabaha'i waliyavunja yote, yapatayo 400. Mpaka leo uchaguzi huu haufanyiki Iran.

Ugumu uliomo

Utaratibu huu una maswali yake. Pasipo wagombea, watu wanaojulikana sana wanaweza kurudi mwaka hadi mwaka, na mgeni au mtu mkimya asionekane. Kijijini, wajumbe wakikaa mbali na mto ukafurika, kupata watu watano wa akidi ni kazi. Familia mbili zikihama, jamii inaweza kushuka chini ya tisa na baraza likafa.

Wakosoaji, wakiwemo waliowahi kuwa Wabaha'i, wanasema mkazo juu ya umoja unaacha nafasi ndogo ya kupinga hadharani. Wengine wanauliza kwa nini wanawake, wanaochaguliwa kwenye mabaraza ya mahali na ya taifa, hawaingii katika Nyumba ya Haki ya Ulimwengu, ambayo wajumbe wake ni wanaume tu. Huko Iran wanawake waliruhusiwa kuchaguliwa kwenye mabaraza kuanzia mwaka 1954. Wabaha'i hujibu kwamba usawa wa wanaume na wanawake ni fundisho la msingi la dini yao, na kwamba sharti hilo la ngazi ya juu limo katika maandiko, hawana uwezo wa kulibadilisha.

Kwa hiyo Aprili ikifika na ukaona majirani zako Wabaha'i wamekusanyika na karatasi zilizokunjwa mkononi, utajua kinachoendelea. Wanawatafuta watu tisa ambao hawakuomba kazi hiyo. Mwaka ukiisha, nafasi zote tisa zitakuwa wazi tena.