Mkanda wa Askari, Ngata ya Mpagazi

Siku hizi mkanda wa kubebea vifaa haubagui kiuno. Soja wa geti ameuning'inizia rungu, tochi na redio. Fundi wa stima amepanda nao nguzo, koleo ubavuni. Mpiga picha wa harusi amejaza mifuko yake betri na lenzi. Wauzaji wanauita mkanda wa kijeshi hata kama aliyeushona hajawahi kukanyaga kambi. Mnunuzi naye anajua kuukagua: kifungio kikivutwa kinateleza ama kinashika? Ukitundikwa kitu kizito, mkanda unajikunja ama unabaki wima? Na baada ya masaa manane, kinachouma ni nini: nyonga, bega ama mgongo?

Maswali yote matatu yana mzizi mmoja: uzito unaenda wapi? Historia ya mkanda wa vifaa ni historia ya kuhamisha uzito. Ulitoka mkononi ukaenda kiunoni, kisha ukagawanywa kati ya nyonga na mabega. Na kuna wakati ulitoka kwenye mwili wa mtu mmoja ukatwikwa mwili wa mwingine. Hatua hiyo ya mwisho haiandikwi kwenye matangazo, lakini Nairobi ina mtaa mzima unaobeba jina lake.

Tuanze na mkono. Tarehe 31 Agosti 1858, kwenye vita vya kuzima uasi wa India, afisa Mwingereza aitwaye Sam Browne alikatwa mkono wa kushoto. Zamani hizo upanga ulining'inia kiunoni kwenye ala, na askari alishika ala kwa mkono wa kushoto ili achomoe upanga kwa wa kulia. Bila mkono wa kushoto, ala inacheza tu. Browne ndiye anayepewa sifa ya kupata dawa: mkanda mpana wa ngozi kiunoni, na mwingine mwembamba unaopita bega la kulia kushikilia uzito wa ubavu wa kushoto. Upanga ukatulia, bastola ikapata mahali pake. Mkanda uliozaliwa kwa sababu ya mkono uliokatika ukaja kuvaliwa na maafisa wenye mikono yote miwili, duniani kote, na ukageuka alama ya cheo.

Shida ya pili ilikuwa ngozi yenyewe. Marekani, afisa Anson Mills alipata hataza ya mkanda wa risasi mwaka wa 1867. Mikanda ya ngozi ya enzi hizo ilikuwa na vitanzi vya kuchomekea risasi, lakini dawa za kulainishia ngozi zilikula shaba ya ganda, risasi ikaota kutu ya kijani na kunata. Miaka iliyofuata Mills aliiacha ngozi akageukia pamba: utepe mnene uliofumwa pamoja na vitanzi vyake, bila mshono wa kufumuka.

Waingereza walichelewa kuelewa. Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, viliwaonyesha ubaya wa vifaa vyao vya ngozi: vikilowa vinanyooka, vikikauka vinakakamaa. Mwaka wa 1908 wakakubali seti mpya ya utepe wa pamba kutoka kwa kampuni ya Mills ya London. Hii ndiyo babu ya karibu kila mkanda wa vifaa unaouona leo. Ilikuwa na vifuko 10 vya risasi, vitano kila upande, kila kimoja risasi 15. Hiyo ni 75 kushoto na 75 kulia. Begi la mgongoni lilivuta nyuma, risasi zikavuta mbele, mabega na kiuno vikagawana kazi. Askari aliweza kuvaa na kuvua seti nzima kwa mara moja, kama koti. Kifua kilibaki wazi, akapumua.

Kwa vipimo vya mnunuzi wetu, huo mkanda unapita mtihani. Haujikunji, hauelemei upande mmoja. Hata MOLLE ya Wamarekani, iliyokuja mwaka wa 1997 na safu zake za utepe wa kuchomekea mifuko popote unapotaka, inafuata wazo lile lile: mzigo ukae karibu na mwili, na ugawanywe.

Sasa upeleke mkanda huo Afrika Mashariki, Agosti 1914. Vita vimefika. Mkanda unabeba risasi, maji na chakula cha siku moja ama mbili. Lakini kampeni dhidi ya Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck ilichukua miaka minne, kutoka mpaka wa Taita hadi Msumbiji. Risasi za kesho ziko wapi? Unga wa wiki ijayo? Reli iliishia mahali fulani, magari yalizama kwenye matope, na nyumbu, farasi na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Kilichobaki ni binadamu.

Nairobi ikaundwa Carrier Corps, chini ya Oscar Watkins. Ulimi wa watu ukaitengeneza: Kariokor huku kwetu, Kariakoo kule Dar es Salaam. Mwanzoni kulikuwa na wa kujitolea, kisha ikaja sheria ya 1915 ya kulazimisha, na mwaka wa 1917 ikaja zoazoa kubwa iliyosimamiwa na John Ainsworth. Machifu walidaiwa idadi, na vijana wakatolewa bomani mstari kwa mstari.

Mpagazi hakupewa seti ya 1908. Alipewa blanketi na mzigo wa kama kilo 23, na juu ya kichwa akaweka ngata, ile pete ya kitambaa ama majani yaliyosokotwa. Hesabu yake inatisha ukiifanya polepole. Mbebaji unga naye anakula unga. Tuseme ni kilo 1 kwa siku. Safari ya siku 10 kwenda na 10 kurudi, amekula kilo 20, amefikisha 3. Kwa hivyo ili jeshi lisogee mbele zaidi, wanahitajika wapagazi wa kuwabebea wapagazi.

Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na malaria, nimonia na kuhara damu, mara nyingi kwa unga wa mahindi usioiva uliopewa watu ambao matumbo yao hayakuuzoea. Makadirio ya waliokufa upande wa Waingereza yanakaribia laki moja, na wengine wanaenda juu zaidi.

Kuna mtu atasema shida ilikuwa ukosefu wa vifaa, kwamba wangepewa mikanda wangepona. Hapana. Ujuzi wa kubeba haukukosekana huku. Misafara ya pwani ilibeba pembe kwa frasila muda mrefu kabla ya Mills. Wanawake wa Kikuyu walibeba kuni kwa mukwa, mshipi wa ngozi unaopita juu ya paji la uso. Mwaka wa 1986 Maloiy na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature vipimo vya wanawake Wakikuyu na Wajaluo: waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila mwili kutumia nguvu ya ziada. Mukwa na ngata ni teknolojia, tena nzuri. Kilichowaua wapagazi ni kwamba hawakuwa na sauti juu ya uzito, umbali wala chakula.

Kwa hivyo kuusifu mkanda wa 1908 kwa kumpunguzia askari mzigo ni kusoma nusu ya hesabu. Mzigo haukupungua, ulihamishwa.

Vita vilipoisha, askari alirudisha mkanda stoo. Mwanaume Mwafrika wa Kenya akapewa kingine cha kuvaa: kipande, karatasi ya usajili na alama za vidole ndani ya kikopo cha chuma, kilichofungwa kamba shingoni. Kenyatta Avenue kuna sanamu ya 1928, na mpagazi ni mmoja wa wale watatu waliosimama pale. Maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Majina hayapo. Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, ama hawakukumbukwa kabisa.

Soko la Kariokor bado linauza mikanda ya ngozi, na viondo vimetundikwa pembeni. Ule mshipi mrefu wa kiondo, ambao leo unapita begani kama mkoba wa ofisini, zamani ulikaa kwenye paji la uso. Ukienda kununua mkanda pale, uvute, ukunje, ukague kifungio, ni haki yako. Halafu soma kibao cha soko.